Kila Chuma Kilicho Karibu, Nacho ni Antena: Mwongozo Kamili wa Kuweka Antena ya TV Kati ya Mabati, Nguzo na Nondo

Aliyekulia kwenye nyumba yenye TV ya chogo anaikumbuka kazi hii. Mtoto mmoja anatumwa nje kuzungusha mlingoti, mwingine anasimama dirishani kupokezana habari, baba yuko sebuleni macho kwenye kioo. "Imekuja?" "Bado!" "Na sasa?" "Hapo hapo! Usiguse!" Mtoto anaachia bomba, anarudi nyuma hatua mbili, picha inapotea. Anarudi kulishika, picha inakuja. Kipindi chote cha pili cha mechi kinaisha mtoto amekumbatia bomba gizani, mbu wanamla.

Tulidhani ni mkosi. Kumbe yule mtoto alikuwa sehemu ya antena. Mwili wa mtu una maji na chumvi, unapitisha umeme, na chochote kinachopitisha umeme kikisimama karibu na antena hubadilisha upande inaosikia vizuri na upande inaokuwa kiziwi. Wataalamu huita hali hiyo umbo la mnururisho. Ni mchoro unaoonyesha antena inasikia mbali kiasi gani kila upande, na umbo hilo ni lile lile iwe antena inarusha au inapokea.

Nimepanda mapaa mengi kufunga antena, na kosa ninalokutana nalo kuliko yote si antena mbovu. Ni antena nzuri iliyofungwa mahali ambapo bati, tangi na bomba la jirani vimeshaipinda. Mwenye nyumba hununua busta, halafu busta ya pili. Mwongozo huu ni wa kufanya kabla ya kununua busta.

Chuma kinafanya nini hasa

Wimbi la redio likipita kwenye kipande cha chuma husukuma mkondo mdogo wa umeme ndani yake. Mkondo ule haukai kimya, nao hurusha wimbi lake. Kwa hiyo antena yako inapokea mawimbi mawili: lile lililotoka moja kwa moja kwenye mtambo wa kurushia matangazo, na lile lililorushwa upya na chuma. Yakifika kwa mpigo mmoja, kama wavuvi wanaovuta wavu kwa wimbo mmoja, nguvu inaongezeka. Yakifika mmoja anavuta mwingine analegeza, yanauana. Chuma hakijaunganishwa na waya wowote wala hakina umeme wa kwake, lakini kinafanya kazi.

Mambo manne ndiyo yanayoamua kama chuma kitakusaidia au kitakuumiza. La kwanza ni urefu wake. Kijiti chenye urefu wa karibu nusu ya wimbi ndicho kinachoitika kwa nguvu zaidi. Kikizidi nusu wimbi kidogo, mkondo wake huchelewa, na kijiti hugeuka kioo kinachorudisha mawimbi nyuma. Kikipungua kidogo, mkondo wake hutangulia, na kijiti huyavuta mawimbi kwenda mbele. Tofauti ya asilimia tano tu kwenye urefu inatosha kubadilisha kazi yake. Msumari au skrubu haina neno, ni fupi mno. Bomba refu la mita tatu bado linasumbua, kwa sababu ndani yake zinaingia nusu wimbi nyingi.

La pili ni mwelekeo. Chuma kinachosimama wima huitikia mawimbi ya wima, kilicholala huitikia mawimbi ya mlalo. Vikikatana msalaba havisikilizani sana. La tatu ni umbali, na la nne ni upande: mbele ya antena, nyuma au ubavuni.

Antena ya TV yenye vijiti vingi mnayoiona mitaani imejengwa juu ya ujuzi huo huo. Hesabu vijiti vyake, halafu tafuta vilivyounganishwa na kebo. Ni kimoja tu, kile kinachoitwa dipoli. Vingine vyote vimefungwa pale bila waya: kilicho nyuma, kirefu kidogo, ni kiakisi, vilivyo mbele, vifupi kidogo, ni vielekezi. Waliogundua mpangilio huo ni Wajapani wawili wa Chuo Kikuu cha Tohoku mjini Sendai, Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, mwaka 1926. Uda ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya majaribio, Yagi akaandika makala kwa Kiingereza mwaka 1928, na ndiyo maana dunia nzima inasema "yagi" na jina la Uda limebaki vitabuni. Mambo ya kujua lugha.

Jaribio la mezani kabla ya kupanda paani

Nakushauri ulifanye hili hata kama una haraka. Dakika ishirini hizi zitakufundisha kuliko maelezo yangu yote.

Chukua antena ndogo ya ndani yenye masikio mawili ya kuvuta. Yalaze yanyooke pande mbili kama mikono iliyotandazwa, kila sikio sentimita 12. Iunganishe na king'amuzi, ingia kwenye menyu ya kutafuta chaneli kwa mkono, chagua masafa ya karibu na megahezi 600, na uache ukurasa ule unaoonyesha mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wake. Macho yawe kwenye ubora. Nguvu hudanganya, kwa sababu hata kelele ni nguvu.

Nyoosha waya wa kuning'inizia nguo, ukate kipande cha sentimita 25. Kifunge kwa gundi ya karatasi kwenye ncha ya fimbo ya mbao ya mita moja au zaidi, kiwe msalaba na fimbo. Fimbo ndefu ni lazima, la sivyo utakuwa unapima mwili wako.

Kwanza, shikilia kijiti nyuma ya antena, yaani upande usioelekea mtambo, sambamba na masikio yake, umbali wa sentimita 10. Subiri sekunde tatu, kwa sababu kipimo cha king'amuzi huwa kizito. Ubora unapaswa kupanda. Sasa peleka kijiti hicho hicho mbele, sentimita 10 vile vile. Ubora unashuka, pengine picha inaganda kabisa. Kijiti ni kile kile na umbali ni ule ule, kilichobadilika ni upande tu.

Kikate sasa kibaki sentimita 22 na nusu, ukirudishe mbele. Mara hii kinasaidia. Umetoa sentimita mbili na nusu, adui amegeuka rafiki.

Mwisho, kizungushe kile kijiti kisimame wima wakati masikio yamelala. Utaona kana kwamba hakipo. Ukiyaona haya kwa macho yako, kila utakachokikuta paani hakitakushangaza tena.

Kama chumba chako kimezungukwa na nondo na mabati, matokeo yanaweza kuyumba, maana chumba chenyewe kina akisi zake, yaani mawimbi yanayorudishwa na vyuma vyake. Fanyia uani.

Hatua ya kwanza: pima kwa wimbi, usipime kwa futi

Swali la "niweke mbali kiasi gani na tangi" halina jibu mpaka ujue wimbi lako lina urefu gani. Chukua 300, gawanya kwa masafa ya megahezi, jibu ni mita. TV za kidijitali za UHF, yaani masafa ya juu sana, hutumia masafa kuanzia megahezi 470 kwenda juu, kila chaneli ya masafa ina upana wa megahezi 8. Chaneli ya 21 katikati yake ni 474, wimbi lake ni sentimita 63. Ya 37 ni 602, sentimita 50. Ya 48 ni 690, sentimita 43 na kitu. Redio ya FM kwenye 98 ina wimbi la mita tatu na kidogo. Wi-Fi ya kawaida ya gigahezi 2.4 ni sentimita 12 na nusu.

Chaneli ninayosema hapa si kituo. Tangu mfumo wa analojia uanze kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, masafa mamoja hubeba vituo vingi kwa pamoja kama basi moja lenye abiria wengi. Hilo lina faida kwa fundi. Mteja akikwambia "nusu ya vituo vinakuja safi, nusu haviji kabisa", usikimbilie kulaumu king'amuzi. Angalia kama vile visivyokuja viko kwenye masafa mamoja. Kama ndivyo, yaelekea kuna chuma kinachoua masafa hayo na kuyaacha mengine. Zamani chuma cha aina hiyo kilikuletea kivuli cha picha pembeni ya picha; siku hizi kivuli hakionekani, mfumo wa kidijitali unakimeza, hadi siku kinapozidi na picha kukatika ghafla.

Kuanzia hapa nitatumia wimbi la sentimita 50 kama mfano. Wewe weka lako.

Hatua ya pili: mlalo au wima

Tazama antena za majirani zinazofanya kazi. Vijiti vimelala au vimesimama? Hiyo ndiyo namna mtambo wenu unavyorusha, na ndiyo itakayoamua vyuma gani uviogope.

Kama ni mlalo, bomba la chuma lililosimama wima si tatizo kubwa, hata likipita katikati ya antena. Ogopa vilivyolala: kingo za bati, mfereji wa maji ya mvua, kamba ya waya ya kuanikia nguo, nyaya za umeme, na vijiti vya antena nyingine.

Kama ni wima, mambo yanageuka. Bomba la chuma ulilofungia antena ndilo adui namba moja, kwa sababu limesimama sambamba na vijiti na liko katikati yao. Nimeona antena ya vijiti kumi na viwili ikizidiwa na waya wa mkono kwa sababu hiyo tu. Dawa ni mbili: fungia antena kwa nyuma, bomba liwe nyuma ya kiakisi, au fanya mita moja na nusu ya juu ya mlingoti iwe mti mkavu au bomba la plastiki. Na kebo isishuke wima kupita katikati ya vijiti. Ipeleke nyuma kwanza kufuata uti wa antena, ndipo ishuke.

Hatua ya tatu: chora paa

Chukua karatasi. Weka antena katikati, chora mshale kuelekea mtambo. Halafu andika kila chuma kilicho ndani ya mita tano: mlingoti wa jirani, dishi, stendi ya tangi, paneli za sola, chimni, reli za ghorofani, nondo zilizoachwa zimechomoza kusubiri ghorofa ya pili. Hizo nondo za kusubiri ghorofa tunaziona kila mtaa, na zikiwa mbele ya antena ya wima ni kama umepanda msitu wa viakisi.

Vyuma vyenye wavu au matundu vina kanuni yake. Tundu likiwa dogo kuliko sehemu moja ya kumi ya wimbi, wimbi halitofautishi wavu na bati. Ndiyo maana yale madishi makubwa ya wavu ya kizamani, yanayopokea mawimbi ya sentimita saba na nusu, yanafanya kazi vizuri ingawa unaona mawingu kupitia kwao. Kwa TV yetu ya sentimita 50, wavu wa kuku ni ukuta.

Usisahau maji. Tangi la plastiki tupu halina shida, lakini likijaa lita elfu moja linazuia mawimbi vibaya. Ukisikia TV inakubali jioni maji yakiisha na kugoma asubuhi pampu ikishajaza, mteja wako hajarogwa.

Hatua ya nne: bati, na hapa tukae kidogo

Antena iliyofichwa darini chini ya bati haipokei kitu zaidi ya kile kinachopenya madirishani. Usidhani bati jembamba lina nafuu. Kwa masafa haya mkondo hutembea kwenye ngozi ya chuma tu, unene ulio sehemu ndogo tu ya milimita, kwa hiyo geji 30 na geji 28 ni sawa. Tena vile vigae vya kisasa vilivyomwagiwa chengachenga za mawe, ukivigonga vinalia chuma, maana ni bati lililovaa koti.

Juu ya bati ndiko kwenye hesabu. Wimbi moja linakuja moja kwa moja, jingine linagonga bati na kurudi juu kuifikia antena. Wimbi la mlalo likigonga bati hurudi limepinduka. Kwa hiyo antena iliyolazwa karibu kabisa na bati haisikii kitu, kwa sababu mawimbi mawili yanafika karibu kwa wakati mmoja na yanapingana. Ukiinua, yanaanza kupishana, nguvu inapanda mpaka kilele. Ukiendelea kuinua, inashuka tena.

Namba zenyewe: pima pembe ambayo wimbi linagonga paa. Paa likiwa limeinamia upande wa mtambo kwa nyuzi 15 na mtambo uko mbali, pembe ni hizo 15. Kwa wimbi la sentimita 50, kilele cha kwanza kiko kama sentimita 48 juu ya bati, shimo la kwanza, yaani mahali nguvu inapokufa, liko sentimita 97, kilele cha pili mita 1.45. Yaani fundi aliyeinua antena kutoka nusu mita hadi mita moja ameiharibu, na mwenye nyumba amelipia bomba la ziada. Na masafa mengine yana shimo lao: kwa chaneli ya 21 shimo ni kama mita 1.22, kwa ya 48 ni sentimita 84. Sasa umeelewa kwa nini kuinua mlingoti kidogo huleta vituo hivi na kufukuza vile.

Paa halisi si bati lisilo na mwisho. Antena ikipanda sana, sehemu ya kugonga inaangukia nje ya paa na mchezo unapungua. Kwa hiyo usizichukue namba zangu kama sheria, zichukue kama sababu ya kupima kila sentimita kumi. Kama una bomba refu na paa fupi, mita mbili na nusu kwenda juu huwa mahali pa amani. Kama huna, tafuta kilele cha kwanza na ubaki hapo.

Antena ikae upande wa paa unaotazama mtambo, au juu ya kilele cha paa. Ukiifunga upande wa pili, mgongo wa paa wenyewe unasimama kati yako na mtambo.

Antena ya wima juu ya bati ina hadithi nyingine. Wimbi la wima halipinduki kwa namna ile, na bati linaweza kuwa msaada. Kijiti kimoja cha robo wimbi kilichosimamishwa katikati ya bati bapa kinafanya kazi kama dipoli nzima, kwa sababu bati linakipa nusu ya pili kama kioo kinavyokupa sura.

Hatua ya tano: majirani wa mlingoti

Mlingoti mmoja wa Kiswahili hubeba antena ya TV, dishi, taa ya ulinzi na siku hizi kamera. Kati ya antena mbili acha wimbi zima kama nafasi ipo, nusu wimbi kama haipo. Wimbi la kutumia ni lile refu kati ya hizo mbili. Kwa antena mbili za UHF za mfano wetu, sentimita 50, au 25 ukibanwa, kwa urefu wa mlingoti. Dishi liwe chini au nyuma, kamwe lisiwe mbele ya pua ya antena. Antena za majumba mawili zikifuatana kwa karibu kuelekea mtambo, ile ya mbele ndiyo inayomwibia wa nyuma, si kwa uchawi wa busta yake bali kwa vijiti vyake.

Kuna chuma kimoja ambacho mafundi wengi hawakihesabu: ganda la nje la kebo. Antena isiyo na kifaa cha kulinganisha pale kebo inapoungana na dipoli huacha mkondo ukimbie juu ya ganda, na kebo yenyewe inageuka antena ya pili inayosikia kelele za jenereta na taa. Dalili yake ni rahisi: ukishika kebo au kuisogeza, ubora unabadilika. Vizungushe viduara vichache vidogo vya kebo karibu kabisa na antena, au uvalishe kebo pete ya feraiti, ile pete nyeusi inayozuia mkondo wa juu ya ganda.

Hatua ya sita: tembea nayo kabla ya kufunga

Hapa ndipo kazi inapofanyika. Weka antena kwenye fito ya mbao, mtu mmoja awe sebuleni na simu, wewe uwe juu. Elekeza antena kwa mtambo, kisha isogeze sentimita 10 kushoto, 10 tena, mpaka umefika mita moja. Andika ubora kila hatua, kwa masafa yote mnayoyataka. Rudi, fanya hivyo hivyo kulia, kisha juu na chini. Ubora ukipanda na kushuka kwa mawimbi, una akisi ya chuma jirani, na umbali kati ya kilele na kilele unakuonyesha kiko upande gani. Ukisogea kushoto na kulia na vilele viko karibu, kama nusu mita hivi, chuma kiko ubavuni mwako. Kama viko mbali, wimbi lake linakuja na pembe ndogo, mara nyingi ni bati.

Chagua mahali ambapo masafa mabovu kuliko yote ni bora zaidi, si mahali ambapo masafa mazuri yamefika mwisho wa mstari. Hakuna anayeshukuru kwa asilimia 95 kwenye kituo asichokitazama.

Kisha zungusha. Mara nyingi upande bora si ule unaoelekea mtambo sawasawa. Ukigeuza nyuzi kumi pembeni unapoteza kidogo sana kwa mtambo, lakini unaweza kuiweka ile akisi mbaya kwenye upande ambao antena ni kiziwi. Ndiyo busara niliyoipata kwa kuchelewa.

Na tafadhali: mlingoti usimame mbali na nyaya za umeme kuliko urefu wake wote, ili hata ukianguka usizifikie. Usipande mawingu yakiwa yameshika. Mlingoti uunganishwe na waya wa ardhini.

Ukitaka kuongeza kijiti chako mwenyewe

Kwa mtu wa kijijini mwenye antena ndogo, kiakisi cha ziada ni nafuu kuliko busta. Busta hukuza kila kilichoingia, pamoja na kelele, na haiwezi kurudisha wimbi ambalo bati limeshaliua. Kwa masafa ya 602: dipoli sentimita 24, kiakisi 25 kikae sentimita 10 nyuma yake, kielekezi 22 na nusu kikae sentimita 7 hadi 10 mbele. Kwa masafa mengine, gawanya 143 kwa megahezi upate mita za dipoli. Ongeza asilimia tano kwa kiakisi, punguza asilimia tano kwa kielekezi. Uti uwe mbao. Bati bapa la nusu mita kwa nusu mita, sentimita 12 nyuma ya dipoli, ni kiakisi kizuri pia na halichagui masafa sana.

Vifuniko vya sufuria vinavyoning'inizwa kwenye antena, ambavyo tumevicheka wote, havikuwa ujinga. Kifuniko cha sentimita 25 au 30 ni kiakisi cha kweli kwenye UHF, mradi kiwe nyuma. Shida ni kwamba mwenye nyumba huwa anakifunga mbele, kinapoonekana vizuri.

Kwa wanaorusha, wenye magari na wenye ruta

Redio jamii inayofunga dipoli ya wima ubavuni mwa mlingoti mwembamba inachagua umbo bila kujua. Dipoli ikiwa robo wimbi kutoka kwenye bomba, yaani sentimita 77 kwa FM ya 98, sauti inakwenda zaidi upande wa mbele, mbali na mlingoti. Ikiwa nusu wimbi, mita 1.53, inakwenda pande mbili za ubavuni na mbele inapungua. Kijiji kilichoko mbele kitalalamika miaka. Mnara mpana wa pembe tatu una tabia yake, huo unahitaji kupimwa kwa kuzunguka na redio.

Kwenye gari, antena iliyofungwa kona ya nyuma kushoto husikia zaidi kuelekea mbele kulia, kule ambako kuna mwili mwingi wa gari. Katikati ya paa ndiko kunakotoa duara.

Ruta ya intaneti iliyowekwa dirishani yenye nondo: usiiegemeze kwenye nondo. Isogeze sentimita nne nne, upime kila mara, maana kwa mawimbi mafupi sentimita nne ni safari. Simu za 4G kwenye megahezi 800 zina wimbi la sentimita 37, nondo zilizopangwa kila sentimita kumi zinawasumbua kweli. Kwenye 1800 wimbi ni sentimita 17 na linapenya vizuri zaidi.

Baada ya kufunga

Piga alama ya rangi kwenye bomba pale ulipopata kilele, urefu na mwelekeo, upepo wa masika ukiuzungusha ujue pa kurudi. Andika ubora wa kila masafa kwenye karatasi, uibandike nyuma ya TV.

Mwaka jana niliitwa nyumba moja niliyoifungia miaka minne nyuma. Mama mwenye nyumba alishabadilisha kebo na king'amuzi, na mtu mwingine alikuwa amemuuzia busta. Nilibandua karatasi, masafa mawili kati ya matatu yalikuwa vile vile, moja limekufa. Nilipotoka nje nikaona jirani ameshapandisha tangi jipya kwenye stendi ya chuma, mita sita kutoka antena, kidogo kushoto mwa mstari wa mtambo. Tuliihamisha antena mita moja na nusu kulia, pembeni mwa kilele cha paa. Busta tuliitoa, yuko nayo mpaka leo kabatini.